Somo la Kuanguka

Siku ya kwanza ya shahada ya uzamili
Daktari Nyevu alituvua viatu,
akasema: leo hatusomi kitu. Leo tunaanguka.

Tulikuwa sita, katika ukumbi wa Tudor
wenye viti mia vya plastiki vilivyopigwa muhuri wa chuo
na feni moja inayozunguka kama mwenye kinyongo.
Juu ya bati kunguru walikuwa na kikao chao.

"Goti, nyonga, bega," alisema.
"Sakafu si adui, ni mwenzio wa jukwaani.
Toa pumzi kabla hujafika;
mwenye pumzi kifuani huvunjika."

Kazungu alianguka puu, gunia la nazi. Tukacheka.
Achola, aliyeacha kazi ya benki, alianguka kwa adabu,
akishika sketi kwanza, kama anayeketi ugenini.
Ilipofika zamu yangu
nikasimama.
Nikasimama.
Umeme ukakatika, feni ikamaliza deni lake la mizunguko.
Daktari hakuniuliza. Aliandika kitu daftarini.

*

Baba alikuwa akifunga makontena Kilindini,
zamu ya usiku, kimo cha makontena manne.
Chuma kilikuwa kimelowa umande wa chumvi.
Hayo ndiyo niliyoambiwa. Nilikuwa darasa la sita,
nikikariri majina ya mito.
Baada ya miezi mitatu alirudi Changamwe
na fimbo, na bahasha, na mazoea mapya
ya kuhesabu ngazi kwa sauti ya chini.

Neno lile tukalitoa katika lugha ya nyumbani.
Sahani haikuanguka, ilivunjika.
Serikali haikuanguka, ilibadilika.
Hakuna aliyeanguka mtihani; aliurudia.

*

Mama akakaanga viazi vya karo.
Mimi nikaandika kurasa sitini kuhusu mwili jukwaani,
tanbihi zimejipanga chini kama viatu mlangoni mwa msikiti.
Daktari Nyevu akazirudisha na mstari mmoja, wino mwekundu:
*Kurasa sitini, na hujagusa sakafu.*

Usiku huo Mwachiti wa usafi aliniachia ufunguo.
Sakafu ilikuwa bado na maji ya dawa.
Goti. Nyonga. Bega.
Mara ya kwanza nililia, si kwa maumivu.
Mara ya tisa nililia, kwa maumivu.
Kufikia ya arobaini sikuwa na hesabu wala machozi,
nyonga ina rangi ya zambarau,
na adhana ya alfajiri ikanikuta nimelala chali
nikitazama bati kwa chini
kama mtu aliyefika.

*

Siku ya kutahiniwa sikumwalika. Mama alimwambia.
Aliketi safu ya pili, fimbo kati ya magoti,
shati la Idi, nyuma ya watahini watatu.

Nilicheza mtu asiye na maneno.
Nikapanga viti, kimoja juu ya kingine,
nikapanda, nikafunga kamba zisizokuwepo,
nikateleza.

Kimya. Hata kunguru.
Kisha fimbo, tak, na mtu kusimama.

"Siyo hivyo," alisema Baba.
Watahini wakageuka na makaratasi yao.
"Mikono haitupwi. Mtu hushika helmeti.
Sijui kwa nini. Unakwenda chini, na unashika helmeti,
utadhani hiyo ndiyo itakayokatwa kwenye mshahara."

Mmoja alicheka, akajuta kicheko njiani.
Mtahini wa nje alivua miwani, akaifuta, haikuwa chafu.
Nilimtazama Daktari Nyevu.
Hakuandika kitu.

Nikainuka. Nikaanza kupanga viti upya.
Baba alikuwa angali amesimama.
"Taratibu na hicho cha tatu," alisema,
"kina mguu mbovu."