Katoni Ina Mwenyewe

Githaiga, hatujuani kwa sura.
Mimi nakujua kwa picha ya duka lako la simuni:
Punguzo Kabambe, nyota nne na nusu,
Nakuru, karibu na stendi, unasema.
Wewe wanijua kwa nambari ya oda,
tarakimu kumi na moja,
na hakuna hata moja inayotamka Chavakali.

Mashine ilifika Jumanne, imefungwa vizuri,
sitakusingizia.
Mayai hamsini na sita. Joto hujirekebisha. Taa ya kijani.
Niliyapanga kama vikombe vya wageni,
kila ganda nikaliandika tarehe kwa penseli,
nikalala sebuleni
niisikie ikipumua.

Siku ya tatu taa ilikuwa kijani
na mayai baridi kama kokoto za mtoni.

Ukaniandikia: Mpendwa mteja, isogeze mbali na dirisha.
Nikaisogeza.
Mpendwa mteja, ongeza maji kwenye kisahani.
Nikaongeza.
Mpendwa mteja, subira huvuta heri.
Nikasubiri, heri ikavutwa kwingine.
Siku ya nane ukasema siku saba zimepita,
bidhaa iliyotumika hairudishwi.

Lakini siku saba hizo, Githaiga, tulizila pamoja,
mimi kijiko, wewe sahani.
Na mtu atajuaje mashine haiangui
asipoipa mayai?

Ukataka video.
Mwanangu Lung'aho akashika simu, akashika na pua.
Nikapasua moja juu ya karai: viza.
La pili: viza.
La tatu likajipasukia lenyewe
likanipaka blauzi ya kanisani.
Uvundo haupigwi picha,
ila nadhani uso wangu ulikufikishia.

Ukasema: basi, irudishe,
lakini ndani ya katoni yake halisi.

Hapo ndipo kesi ilipoingia jikoni.

Kwa maana katoni ina mwenyewe.
Kuna kuku wangu mwekundu, tunamwita Mwenyekiti,
aliyeiona imekaa bure kando ya kuni
akaingia, akazunguka mara mbili, akaketi.
Mayai kumi na moja chini yake,
hana waya, hana taa,
na ukinyoosha mkono anakuonyesha kifungu cha sheria
kwa mdomo.

Nilikupigia picha: jicho moja la ghadhabu
juu ya mshale unaosema Upande Huu Juu.
Ukanyamaza siku mbili.
Nikajua nimeliwa. Nikaanza kutafuta
afisi ya kushtaki watu wasio na sura.

Kisha, saa nne usiku, bila mpendwa, bila mteja:
Shangazi, amebakisha siku ngapi?

Kumi na nne, nikajibu.

Ukaandika, ukafuta, ukaandika.
Kwamba mashine hizo ulinunua ishirini kwa mkopo,
kwamba aliyekuuzia hashiki simu tangu Pasaka,
kwamba nyanyako wa Njoro angekuchapa
ukimwamsha kuku aliyeatamia.
Tarehe ya mwisho nimeisogeza, ukasema.
Nikaisoma mara tatu, kwa miwani na bila miwani.

Tisa waliangua. Mawili yalikataa,
hata Mwenyekiti hana dhamana ya asilimia mia.
Niliisugua katoni, nikaianika,
ile kona aliyoidonoa nikaibandika utepe,
nikaiandikia kwa penseli: hapa si mimi.

Pesa ilirudi Ijumaa, elfu sita na mia nane.
Nauli ya kifurushi tuligombana tena,
mia tatu na hamsini, maneno ya elfu tatu,
ukalipa nusu, nikalipa nusu,
na kila mmoja alilala akijiona mjinga kidogo.

Sasa simu inaniuliza: umeridhika?
Nyota ngapi?
Imeniuliza asubuhi, imeniuliza mchana.
Kidole changu kiko juu ya ya nne,
kinashuka, kinapanda.

Nje, Mwenyekiti amewaongoza tisa wake
hadi mahali katoni ilipokuwa.
Anaparua sakafu.
Ananitazama kwa jicho lile la pichani,
kama mtu aliyelipia kitu
na hakijamfikia.