Chui Mwenye Makengeza

Jumamosi, baada ya adhuhuri, duka la baiskeli
la Barabara ya Kumi na Nne hufungwa mlango wa mbele
na kufunguliwa wa uani.
Mimi huitwa kuandika vibandiko.
Mwandiko wangu, asema Mjomba Kilua, hauna haraka.
Ujira wangu ni soda moja, na spoku zikivunjika.

Chumba kinanuka gundi ya viraka na mafuta ya nazi
anayoipaka kamba isikauke.
Kamba ya katani, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto,
iliyovusha watu arobaini mtoni usiku,
bila taa, bila neno, mwaka wa sabini na sita.
"Arobaini na mmoja," asema Sajenti Shekalaghe.
Koplo Mwachambi asema thelathini na tisa.
Nafuta. Naandika: *watu wengi*.
Wote wawili wananuna.

Kambi ya Kwemnyasi yenyewe haipo.
Pale walipojifunza kulala juu ya mizizi,
kunusa moshi wa adui kabla ya kuuona,
kula kile ambacho tumbili kakila kwanza,
sasa ni michungwa, safu kwa safu,
na mchumaji hajui kwamba kikapu chake
amekitua katikati ya gwaride.

Kilichobaki kiko hapa: filimbi isiyolia,
buti moja la kushoto, mkebe uliokwaruzwa "Mungu yupo",
na beji ya kitambaa, kichwa cha chui.

Leo kaja kijana wa Muheza na beji nyingine.
Chui wake mzuri, macho yamenyooka, meno meupe.
Anataka elfu themanini.
Mwachambi akaigusa kwa kucha ya kidole gumba,
akairudisha kama mtu arudishaye chenji iliyozidi.
"Zetu zilishonwa na fundi mmoja, taa ya kibatari,
uzi wa pamba. Chui wote wa fundi yule
walikuwa na makengeza.
Huyu wako, mwanangu, hajawahi kuwinda."

Halafu likafunguliwa daftari.
Mjane wa mkufunzi kalileta limefungwa kwenye kanga,
mchwa wamekula pembe, majina wameyaacha.
Nikasoma kwa sauti, kama nilivyoagizwa:
Mbwego, alama ya vema. Shekalaghe, vema. Mwachambi, vema.
Kisha mstari mwekundu, wa rula:
*Kilua Z. Siku ya tisa. Amerudishwa. Nyayo bapa.*

Sauti yangu ilifika mbele kabla ya akili.

Miaka yote nimemsikia mjomba akisimulia:
walivuka, walilala, walikosa chumvi.
Sikuwahi kujiuliza ile *tu*
ameiacha wapi.
Hakudanganya hata siku moja. Ni mimi
niliyemvisha magwanda.

"Andika kama ilivyo," akasema, anafuta miwani.
"Kibandiko chake, na ukurasa uwe wazi."

Shekalaghe akahesabu kwa vidole, polepole.
"Mto ulikuwa siku ya nane."

Kimya. Tundu la bati likamwaga jua juu ya kamba.

"Nilivuka," akasema mjomba, "nikishikwa mkanda."
Hakusema na nani. Mwachambi aliangalia buti
kama lina jambo la kuongeza.
"Ndiyo maana nasema thelathini na tisa," akajibu mwishowe.
"Mimi na yeye tulikuwa mtu mmoja.
Na Mbwego sikumhesabu, alilia."
"Mbwego alilia, lakini alivuka!"
Wakaanza upya.

Nikachukua kadi safi.
*Kamba ya katani. Urefu, futi sitini.
Kwa kamba hii*
kalamu ikasimama, wino ukaanza kutuna kama tone la mvua
kwenye ncha ya jani.

Mlango wa mbele ukagongwa. Mtoto, pancha,
mama yake anangoja unga.
Mjomba akainuka, akavua ndara,
akaenda akikanyaga sakafu ya saruji
kwa unyayo mzima,
pa, pa, pa,
na wale wawili wakanyamaza
wakimsikiliza anavyotembea.