Volti Sita

Mzee Mukalay ameileta akiisukuma
toka Kenya mpaka Katuba, na suti juu,
jasho limemchorea ramani mgongoni.
Chuma cha Kibelgiji, cha mwaka hamsini na tano,
volti sita, rangi mpya: bluu ya sahani za harusi.
"Injini haina neno," anasema. "Imekosa moto tu."

Kama kusema mgonjwa hajambo,
hapumui tu.

Sina mashine ya kupimia yenye tarakimu.
Nina balbu moja, nyaya mbili na subira ya kuazima.
Waya mmoja naubana kwenye betri, upande wa hasi,
wa pili natembea nao.
Fyuzi: mtu aliizungushia karatasi ya pakiti ya sigara.
Naitoa, natia nyingine, sisemi kitu, namtazama tu.
Swichi: balbu inawaka.
Bobini: inawaka.
Platini nimezisugua kwa msasa mdogo kuliko ukucha,
nikapenyeza kati yake kona ya noti ya franga mia,
ikapita kwa kusitasita, ndivyo inavyotakiwa.
Waya wa honi, waya wa taa ya nyuma,
ule wa kijani ambao panya aliuonja akaukataa:
inawaka, inawaka, inawaka.

Napiga kiki. Kimya.
Mzee anabonyeza kila kitufe, anageuza kila swichi,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba
aliyokwisha kuambiwa wenyewe wamehama.

Saa kumi na moja baridi ya Juni inashuka,
vumbi jekundu linatua kwenye nguo za kamba.
Mtaani hakuna umeme tangu Jumanne:
walikata kebo usiku, wakaiuza kwa kilo.
Mji umekaa juu ya shaba
na unalala gizani kwa kukosa shaba.
Mzee anasema hii ndiyo aliyopanda kwenda zamu ya usiku,
enzi ile dohani kubwa bado inakohoa,
na taa yake waliijua mpaka walinzi:
"Huyo Mukalay, fungua geti."

Ndipo nikautazama mkono wangu.
Kutwa nzima ule waya wa kwanza haujatoka kwenye betri.
Nilikuwa napima moto unavyokwenda.
Sikupima unarudia wapi.

Nikaung'oa, nikaugusisha kwenye fremu, kwenye ile bluu.
Balbu ikafa.
Hapa, pale, chini ya tandiko: imekufa.
"Nani alipaka rangi?"
"Mjukuu wangu, Kaumba. Siku tatu. Tabaka nne."
Ile nne aliisema polepole, ili niisikie.

Waya wa ardhi, ule mafundi wa zamani wanaouita masi,
ulikuwa umefungwa juu ya rangi.
Bolti imekaza vizuri, nati inang'aa,
na chini yake ukuta mwembamba
kama ngozi ya kitunguu.
Nikachukua kisu.
Mzee akageuza uso,
kama mzazi mtoto anapochomwa sindano.
Nikakwangua mpaka chuma kikatoka cheupe,
duara la kifungo cha shati,
nikakaza.

Vyote alivyokuwa amebonyeza viliamka pamoja:
taa ya mbele, taa ya nyuma, na honi, kumbe ilikwama,
ikapiga yowe hadi kuku wa Mama Feza wakaruka uzio.
Kiki ya pili, injini.

Alinilipa kwa noti zilizolala muda mrefu kwenye soksi,
akaliinamia lile duara, akalipapasa kwa kidole gumba.
"Usimwambie Kaumba," akasema,
akaondoka na mwanga wake wa volti sita,
hafifu, wa njano, ukigusa ukuta baada ya ukuta.

Ndani, mama aliuona ukipita dirishani.
"Moto umerudi?"
Nilikuwa nafuta kisu.
"Kidogo," nikasema. "Unapita."