Kula Chumvi Nyingi

Lugha ninayoiandikia humsifu mzee hivi:
amekula chumvi nyingi.
Yaani ameishi, ameona, ana la kusema.
Huko Nezawa, milimani kaskazini mwa Japani,
waliokula chumvi nyingi
walikuwa na miaka arobaini na tisa.
Hamsini na miwili.
Mmoja alikutwa ameketi chooni usiku wa Februari,
mkono ungali umeshika taa.

Walisema: amepigwa.
Hawakusema na nani.

Theluji ilipanda hadi dirisha la juu.
Tangu Novemba hapakuwa na jani bichi,
na chumvi ndiyo iliyoibeba figili hadi Machi,
ndiyo iliyompandisha samaki mlimani bila kuoza.
Wanawake waliishindilia katika mapipa ya mierezi
kwa mawe waliyorithi kwa mama wakwe zao.
Usiitukane chumvi.
Pasipo hiyo, nani angefika majira ya kuchipua?

Mwaka zilipofika nguzo za umeme akaja muuguzi,
Hatsue Kudo, miguuni viatu vya majani makavu,
mkobani kipimo cha zebaki.
Kila nyumba alikaa kando ya jiko, akafunga mikono ya watu.
Tokuji Sugawara aliurudisha wake ndani ya koti.
"Kichwa hakiniumi. Juzi tu nimebeba magogo.
Unatia chumvi, binti."

"Mimi?" Hatsue akalitazama bakuli lake la supu.
"Mimi nimekuja kuipunguza."

Yoshino, mkewe, alichekea ndani ya mkono wa kimono.
Mzee akatoa mkono.

Mia na tisini na nne, juu ya mia na kumi na mbili.
"Sasa hiyo ni bei ya nini?"
Hatsue alimweleza kwa mwanzi unaoleta maji shambani:
ukiyasukuma maji kwa nguvu mchana na usiku,
mwanzi hautapiga kelele,
hautavuja, hautakuomba radhi.
Utachoka kimyakimya
mpaka asubuhi moja upasuke.

Basi Yoshino akaanza kuiba.
Wiki ya kwanza aliiba nusu kijiko cha miso.
Ya pili, nusu nyingine. Pengo akaliziba
kwa uyoga, viazi, vidagaa vikavu vilivyochemka tangu alfajiri.
Wiki ya tatu Tokuji akainua uso:
"Supu hii umeiosha?"
Aliificha chupa ya mchuzi wa soya ndani ya pipa la mchele.
Akaifukua. Wakanuniana siku mbili.
Vikombe vitatu vya sake vikawa kimoja,
na kimoja, Jumamosi, kikawa kimoja na kingine kidogo.
Tumbaku aliiacha, akairudia, akaiacha.
Kila jioni alitembea hadi hekaluni na kurudi,
akilalamika kwenda, akilalamika kurudi,
na majirani wakajua saa kwa manung'uniko yake.

Aprili, theluji ikitoa nyufa, Hatsue alirudi.
Mia na hamsini na nane. Tokuji akakaa wima
kama aliyeshinda mieleka.
Ndipo muuguzi akageuka:
"Na wewe, mama?"

Hakuna aliyewahi kumfunga Yoshino mkono.
Yeye ndiye aliyeonja. Kila chungu, kila pipa,
kwa ncha ya kidole, miaka thelathini,
na vipande vya figili vilivyobaki sahanini
alivila amesimama, visitupwe.
Zebaki ilipanda,
ikapita pale ilipokuwa ya mumewe siku ya kwanza,
ikaendelea.

Hakuna aliyecheka.
Nje, theluji ya paani iliporomoka kwa kishindo,
na Tokuji alishtuka peke yake.

Kesho yake alitangulia kuamka.
Hakuwa amewahi kukoka moto wa kupikia.
Alikata kitunguu kwa kisu cha kuchongea,
akachota miso, akaitazama,
akairudisha nusu.
Viazi havikuiva. Majivu yaliingia.
Yoshino alionja, kwa kijiko, mara moja tu.
"Je?" akauliza mzee.
"Mbaya," akasema. "Ongeza."
Mkono wa mumewe ukaelekea kwenye chupa.
"Supu," akasema. "Niongeze supu."