Kiwanja Namba 214, Kitalu D

Bwana mpima alitoka Buswelu asubuhi,
akafika kwetu saa saba, viatu mkononi.
Nikampa maji nusu kikombe. Si uchoyo:
bomba hupanda mpaka kwa Mama Bugumba,
hapo linaishiwa pumzi,
linakohoa siku mbili kwa wiki.
Yanayosalia hupanda kichwani, dumu kwa dumu,
ngazi mia moja thelathini na moja
ambazo hakuna aliyezichonga ila nyayo.

Akafungua miguu mitatu ya kifaa chake,
mmoja ukakosa pa kukaa.
"Mita za mraba mia tatu na sita," akasema.
Nikamuuliza: umehesabu na huu ukuta wa jiwe?
Akacheka. "Mama, ramani hulaza kila kitu chali.
Tunapima eneo la mlalo."

Haya, andika mlalo.
Ila mimi hapa sijawahi kulala mlalo:
kitanda changu kina matofali mawili upande wa ziwa,
jiko langu lina kokoto chini ya mguu mmoja,
na wanangu walisimama kabla ya kutambaa,
maana aliyetambaa alifika Kirumba.

Akauliza historia ya umiliki.
Fomu ilikuwa na mstari mmoja.

Wa kwanza ni pimbi. Hajahama:
usiku analia nyufani kama bawaba kavu.
Wa pili babu yangu Ngolyo, na mbuzi tisa,
akiikimbia kodi ya kichwa,
akidhani mzungu hawezi kupanda huku.
Mzungu akapanda. Kwa machela.
Babu alilima mtama kwenye vifuko vya udongo
kati ya jiwe na jiwe,
jembe likigonga mara tatu ndipo lichimbe mara moja.
Ikaja amri ya pamba. Pamba ikakataa,
babu akalala lokapu siku saba
kwa kosa la mlima.

Kisha mama, Kwandu. Yeye hakulima, alipasua.
Matairi yaliwaka chini ya jiwe usiku kucha,
alfajiri wakalimwagia maji,
likatoa sauti moja, nzito,
kama ng'ombe anayezaa wa kwanza.
Siku nzima nyundo, kokoto, debe.
Ukirudi kwa lami ya uwanja wa ndege,
bwana mpima, endesha polepole:
vidole viwili vya mama yangu vimo humo chini.

Halafu wakaja hawa wote unaowaona:
wa viwanda vya minofu, wenye harufu ya sangara hata Jumapili,
Wakara waliochoka kugawana udongo kwa kiganja,
Wajita, Wazinza, mwalimu mmoja kutoka Upare.
Kila mtu akabandika nyumba jiweni kama mbayuwayu.
Hakuna aliyetupa kibali. Hakuna aliyetunyima.
Kabati la harusi la Minza lilipandishwa na wanaume sita,
kioo kikabaki njiani.
Jeneza la mumewe lilishushwa na wanane, wakipokezana,
na kushuka ndiko kulikokuwa kugumu.
Huo nao ni urefu. Upime.

Mwaka jiji lilipogawanywa tuliamka manispaa.
Nilitoka nje kuangalia:
jua lilichomoza nyuma ya jiwe lilelile,
dumu lilikuwa tupu vilevile.

Hakuandika yote hayo. Aliandika "Urithi."
Akanitajia ada, inalipwa kwa awamu,
akachovya brashi kwenye rangi nyekundu
na kulipiga namba jiwe la mama:
214.

Alipogeuka kukunja kifaa
mjusi kafiri alitoka ufani,
kichwa cha chungwa, mkia wa samawati,
akajilaza juu ya ile nne mbichi,
akatikisa kichwa mara mbili, tatu,
kama mjumbe anayepitisha hoja,
kisha akakimbia na rangi tumboni
akiburuta mpaka wangu
hadi kwa Mama Bugumba.