Bili ya Julai

Imekuja Julai, siku lami ya Ruse ilipokuwa ikinasa kandambili
na Danube ikinuka tope la moto.
Bahasha nyeupe yenye kidirisha cha plastiki,
na jina langu humo ndani, kama mtu aliyefungiwa:
Rayna Velcheva, ghorofa ya tano, mlango wa kumi na tisa.

Leva mia nne na kumi na mbili. Kamili, hakuna senti.
Deni la theluji limenikuta nimevaa gauni lisilo na mikono.

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.
Sikulia. Nilitafuta penseli.

Novemba nilifunga joto vyumba vyote vitatu,
nikakaza koki mpaka vidole vikauma.
Nililala ndani ya koti la marehemu Gancho,
soksi mbili mbili, chupa ya maji moto tumboni
kama mimba ya uzeeni.
Asubuhi niliiona pumzi yangu kabla sijaiona saa.
Kwa hiyo nikamwambia kijana wa dirishani, pale kampuni ya joto:
sifuri mara chochote ni sifuri.
Dawa ya deni kulipa, najua,
lakini hili, mwanangu, nilikopa lini?

Hakunidharau. Foleni ilifika mlangoni na macho yake yalikuwa mekundu.
Aliigeuza karatasi, akaweka kalamu kwenye mstari wa tatu.
"Mama, haya ni mabomba ya jengo. Yanapita ukutani kwako.
Ufunge usifunge, yanapita."

Yanapita!
Basi nilipie na treni ya Bucharest, nayo inapita.
Nilipie nyama anayochoma jirani, maana pua ninayo.
Mzee mmoja nyuma yangu akacheka kwa sauti,
kisha akaitazama bahasha yake, kicheko kikamkauka.

Nikasaini kulipa kwa miezi sita:
sitini na nane na senti sitini na saba kila mwezi.
Zidisha. Wamenila senti mbili.
Niliona, na nikawaambia.
Vidonge vya presha sivikati. Gazeti nimelikata,
na jibini, na simu ya Jumapili kwa dada yangu Vidin,
ambaye hata hivyo huzungumzia magoti tu.

Kuna jambo sikulisema pale dirishani.

Februari, usiku ule barafu ilipopasua mitungi ya achari roshani,
nilivua soksi jikoni, sijui kwa nini, nikasimama pekupeku.
Vigae vilikuwa na uvuguvugu.
Chini yangu anakaa Iskra na mumewe, na Momchil wao wa mwezi mmoja.
Wao hawakufunga kitu, wangefungaje?
Na joto halibishi hodi. Lilipanda,
likaja kwangu kupitia dari yao, ambayo ni sakafu yangu.
Nikaketi. Kisha nikalala kabisa, shavu kwenye kigae,
mwalimu mzima, kama paka.
Nilimsikia mtoto akilia, mama akimbembeleza,
nikapata usingizi wa saa nne
ambao mita yoyote haikuuandika.

Sasa mstari wa tatu unanisumbua.
Ni uongo, nitaupinga kwa barua hadi nife.
Lakini kuna mstari mwingine, haumo kwenye karatasi,
na huo siwezi kuupinga.

Agosti nilichoma pilipili hoho, nikazimenya, nikazifunga mitungini.
Mitungi miwili nikashuka nayo ghorofa ya nne,
na hotuba fupi niliyoifanyia mazoezi kwenye ngazi.
Iskra akafungua, mtoto kiunoni,
na mkononi bahasha nyeupe, kidirisha cha plastiki.

"Mwalimu," akasema, "wewe unaweza kuisoma hii?"

Hotuba ikanitoka kichwani yote.
Nikavua viatu mlangoni. Vigae vyao vilikuwa baridi, raha tupu.
Nikaomba penseli.
Momchil akaishika kwanza, akaitia mdomoni.
Tukamngoja.