Shimo la Choo, Pangani

Tulikuwa tukichimba choo, hatukutafuta kitu.
Semkiwa, fundi wa Boza, alipiga sururu mara tatu
kwenye sakafu ya stoo, pale shangazi Mwanamvua
alipolundika magunia ya mkaa;
ya nne, chuma kikalia kwa sauti nyingine.

Kwanza saruji. Kisha chokaa yenye vipande vya chaza.
Kisha udongo mwekundu, na chini yake
tumbawe lililochongwa upinde,
dogo, kama la mtu aliyeswali peke yake.
Limeelekea kibla, ila kombo kidogo:
aliyelijenga alikuwa na nyota, hakuwa na dira.

Nikakumbuka kitanda cha shangazi, upande wa pili wa ukuta.
Miaka arobaini nyayo zake zilielekea huko,
naye akilalamika ganzi,
akijisugua mafuta ya nazi.

Semkiwa akaingiza mkono hadi kwapani,
akatoa kigae cheusi kwa masizi:
ubani ulioganda, punje za mtama zilizoungua.
"Hiki kimeitangulia mihrabu," akasema,
akakirudisha upesi, kama aliyefungua barua ya mwenzake.
Nilikinusa kiganja chake.
Ubani ule ule tunaofukiza Alhamisi.

Nikamlipa siku nzima
afukie alichochimba nusu siku.
Choo kikahamia nyuma ya mpapai.

Sasa nikiingia stoo kuchota mkaa
navua ndara mlangoni,
najicheka,
halafu sizivai.